Alikotoka Babu Feruzi

Mtaa wa Msikitini,
S.L.P. 41,
Biharamulo.
18 Agosti, 2024.

Mpendwa Shangazi Mwajabu,

Assalaam alaykum. Shikamoo, Shangazi. Najua umeshaitikia marahaba kabla Zaituni hajamaliza kulisoma neno lenyewe, maana ndivyo ulivyo siku zote.

Vipi miguu? Zaituni aliniambia uvimbe umepungua ila ngazi za barazani bado zinakutesa. Usizipande peke yako, tafadhali. Na yale macho, mmerudi kwa daktari? Huku kwetu tu wazima. Kiangazi kimekaza, vumbi linaingia dukani mpaka ndani ya vitenge nilivyovifunga kwa nailoni, na mihogo ya Runazi imejaa sokoni. Kifua cha kaka Ahmadi kimetulia kidogo, anaswali msikitini na kurudi kwa miguu yake.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu masikio yako na simu hayapatani, na haya ninayotaka kukueleza hayafai kupigiwa kelele. Barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena. Hata sasa nimesimama kaunta ya duka naandika, maana nikikaa kwenye kiti nainuka. Zaituni mwanangu, msomee bibi polepole, na akikwambia ngoja, ngoja.

Picha za arusi ya mwanangu Shamimu umeziona. Wamependeza, alhamdulillahi. Lakini picha hazikuonyeshi kwamba arusi ile ilitaka kuvunjika, tena ilitaka kuvunjwa na Babu Feruzi, babu yako mwenyewe, aliyekufa mimi sijazaliwa.

Unajua Hasani mumewe ni Mhangaza wa Ngara. Baba yake alisilimu ukubwani, akafa Hasani akiwa mdogo, na ukoo uliobaki wote ni Wakatoliki. Amelelewa na bibi yake mzaa baba, Bibi Nimpaye, na mwenye kauli ya ukoo ni baba yake mkubwa, Mzee Erasmus, katekista. Dini haikuwa tatizo kwao hata kidogo. Posa ililetwa, tukaipokea, mambo yakawa sawa. Kisha Bibi Nimpaye, kwa kuwa safari ndefu zimemshinda, akaomba wakubwa wa binti waende awaone. Tukaenda, mimi na kaka Ahmadi aliyesimama mahali pa baba yake Shamimu, na Shamimu akatukuta huko kutoka zahanati anakofanya kazi.

Nyumba yao iko juu ya kilima. Ukisimama uani unaiona Lukole yote, pale palipojaa mahema ya wakimbizi miaka ile, leo ni vichaka na mashamba ya watu. Tulikirimiwa vizuri mno. Na kaka Ahmadi unamjua, akishiba hakosi hadithi. Mzee Erasmus alipomwuliza asili yetu, akajinyoosha akasema sisi ni watu wa pwani, wa Pangani hasa, na kwamba shangazi yetu yuko huko mpaka leo. Akaeleza jinsi Babu Feruzi alivyofika Biharamulo kijana, Wajerumani wakijenga boma, akawa wa kwanza kufungua duka mtaani kwetu wakati pote hapo ni miiba na nyati. Akamalizia na ile tunayoicheka miaka yote, ya mzee aliyekufa akiomba mawe.

Hiyo unaijua kuliko sisi, maana wewe ndiye uliyekuwepo. Ulikuwa mtoto, umewekwa umpepee na kumpa maji. Alikuwa akisema mawe, mawe, na wewe ukatoka nje ukaokota mawe, ukamtia kiganjani. Akayashika, machozi yakamtoka. Baba alikuwa akituambia mzee aliwaza ile nyumba yake ya mawe ambayo hakuwahi kuimaliza.

Watu wakacheka pale sebuleni. Bibi Nimpaye hakucheka.

"Alisemaje?" akauliza. "Liseme kama yeye alivyolisema."

Ahmadi akamwiga kama tulivyozoea kumwiga, akilivuta: "Mawe... mawe weee..."

Bibi akaweka kikombe chini. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini maneno haya aliyasema wazi, kila mtu akayasikia. "Huyo hakuwa anaomba mawe. Kwetu sisi mawe ni mama. Mtoto akianguka, akiogopa, anaita mawe. Mzee wenu alikuwa anamwita mama yake."

Zaituni, hapa mwache bibi apumue.

Na Bibi Nimpaye hakuishia hapo. Akaanza kutuuliza: alifika Biharamulo na umri gani, alikuwa na ndugu, aliwahi kutaja jina jingine? Sisi tulijua habari za duka tu. Ndipo akatueleza habari ya kwao.

Zamani, miaka ya njaa na funza, ukoo wao ulikuwa na mtoto anaitwa Niyonzima. Mama yake alivuka mto kwenda kutafuta mbegu kwa ndugu zake, akamwacha nyumbani na mdogo wake wa kunyonya, wakiangaliwa na bibi yao. Msafara wa wafanyabiashara wa pwani ukapita. Mama aliporudi alimkuta yule mchanga tu. Wengine walisema mtoto alichukuliwa, wengine walisema alibadilishwa kwa chakula, na bibi aliyekuwa nao hakutaka kusema mpaka anakufa. Majirani walipohama kile kilima kwa njaa, mama alikataa kuhama. Alisema Niyonzima akirudi hatamkuta mtu. Kwa hiyo walibaki, na watoto wao wakabaki. Hata kambi ilipokuja na watu wakachoka kuporwa kuni na mihogo, wao hawakuondoka, na sababu wanayopeana mpaka leo ni hiyohiyo. Yule mchanga ndiye babu yake marehemu mume wa Bibi Nimpaye.

"Alikuwa na alama," Bibi alisema. "Aliungua motoni angali anatambaa. Vidole vya mguu wa kushoto vilishikana."

Sasa nilikuwa naanza kufurahi, Shangazi, sikufichi. Nilitaka kumkumbatia yule mama. Lakini Mzee Erasmus alikuwa ameinuka, na uso wake haukuwa na furaha.

"Mama, basi," akamwambia mama yake. Halafu akatugeukia. "Mnaelewa maana yake? Sisi ukoo mmoja hatuoani, hata damu ikipitia kwa mama, hata vizazi vipite vingapi. Kama Feruzi ni Niyonzima, huyu binti ni dada yake Hasani."

Shamimu alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango. Aliangalia chini. Hasani alitoka nje na hakurudi mpaka tunaaga.

Njiani kurudi tulipita Lusahunga. Hapo Ahmadi akasema, "Mimi na mdomo wangu."

Tangu siku ile sikutulia. Mchana napima kitenge nakosea, mteja ananitazama. Shamimu alirudi nyumbani kwa likizo, akawa anapika vizuri na yeye mwenyewe hali. Siku moja akaniambia, "Mama, huyo babu ana kitu gani na mimi?" Sheikh wetu alisema kwa dini yetu hakuna kizuizi, waoane. Lakini Hasani amelelewa na yule bibi. Alisema atamwoa Shamimu hata akifukuzwa kilimani, na mimi nilijua akifanya hivyo atakuwa ameacha mama wa pekee aliyemjua.

Nikaona bora nitafute ukweli. Niliwaza wewe kwanza. Tangu ulipoolewa ukaenda Pangani, uliwatafuta jamaa wa Feruzi mtaa kwa mtaa, ukawauliza wazee wa kila msikiti. Kila likizo ulipokuja ulituambia bado, lakini watapatikana. Hakupatikana hata mmoja. Tulipokuwa watoto tuliona ni kwa sababu pwani ni kubwa. Sasa nikaanza kuona sababu nyingine, na niliogopa kukuuliza.

Nikaenda Bisibo kwa Bi Eustakia. Unamkumbuka? Msichana aliyepika nyumbani kwa Babu Feruzi miaka yake ya mwisho. Yu hai, mgongo umepinda lakini akili imesimama. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwuliza habari ya mguu.

"Mguu?" akacheka. "Buti, mwanangu. Buti na soksi, mvua na jua."

"Hata akitawadha?"

"Alitawadhia chumbani kwake, mlango umefungwa. Mimi mguu wake sikuuona. Alikuwa anachechemea siku za baridi, lakini mzee gani hachechemei?"

Nikamwuliza kama aliwahi kumsikia akisema Kihangaza. Akatikisa kichwa. Alisema mzee hakusema lugha nyingine ila Kiswahili, tena Kiswahili kuliko sisi sote. Vijakazi wakisema "rara" badala ya "lala" aliwarudisha walitamke upya mpaka liwe sawa. Hakutaka kusikia makosa hayo nyumbani mwake. Moyo ulinishuka, na papo hapo nikafurahi kwa ajili ya Shamimu. Unaona nilivyokuwa? Jibu lolote ambalo ningelipata lingenifurahisha na kuniumiza.

Nilipokuwa naaga, Bi Eustakia akanishika kanga. "Kuna jambo moja," akasema. "Biashara ya Ngara aliwaachia wenzake, yeye hakwenda hata siku moja. Lakini mtu akija dukani kutoka huko, mzee alimwita ndani, akampa chumvi bure, akamwuliza: kwenu mvua imenyesha? Watoto wanakula?"

Nikamwambia mfanyabiashara yeyote huuliza mvua.

"Mvua, ndiyo," akasema. "Lakini haulizi kama watoto wanakula."

Hayo ndiyo yote niliyopata, Shangazi. Waliomwosha maiti wamekufa wote. Watoto waliopotea miaka ile walikuwa wengi, wa Ngara na wa ng'ambo ya mto, na wote wangemwita mama yao vilevile. Hakuna wa kuapa kwamba ni yeye.

Wiki iliyofuata Mzee Erasmus akatuita. Tulikuta wazee wa ukoo wamekaa kwenye viti uani, Bibi Nimpaye pembeni kwenye kigoda, kitenge amejifunika mpaka begani. Vijana hawakuitwa. Erasmus si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alionekana hajalala vizuri.

"Mama Shamimu," akaniambia, "tunataka tulisikie kutoka kwako, wewe ndiwe mzazi. Mzee wenu akiwa ni wetu, leo hii tunachinja mbuzi, tunawaonyesha mipaka ya shamba la baba zenu, na nyinyi ni watoto wa hapa. Lakini arusi hakuna. Akiwa mtu wa pwani, arusi iendelee, na jina la Niyonzima lisitajwe tena kwa habari hii, si kwetu wala si kwenu. Yote mawili hayawezekani. Babu yenu alitoka wapi?"

Nilimtazama Bibi Nimpaye. Alikuwa anatazama udongo. Ukoo mzima umekaa kilimani pale unamngoja mtu mmoja tangu enzi za Wajerumani, na mimi nimekuja na habari zake mfukoni. Kwa upande mwingine namwona Shamimu moyoni, ana miaka ishirini na sita, hajawahi kuniomba kitu kikubwa ila hiki.

Nikasema, "Babu yetu Feruzi alitoka Pangani."

Ahmadi alikohoa. Erasmus akauliza mara ya pili, nikajibu vilevile. Wazee wakaitikia kwamba wamesikia. Bibi Nimpaye alijiinua kigodani akisaidiwa na fimbo, akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Nilitamani kumfuata, nikakumbuka kwamba kwa maneno yangu mwenyewe sina haki ya kuingia chumba kile.

Basi wakaoana. Wamepanga nyumba Ngara mjini, na Shamimu ananipigia kila Ijumaa, anacheka kwenye simu kama zamani. Nikimsikia nasema nilifanya sawa. Nikikata simu naanza tena kuzunguka. Naenda kaburini kwa Babu kumsomea, nakaa pale, najiuliza nimwite jina gani. Sijui kama nilisema uongo, Shangazi, kwa kuwa hakuna anayejua kweli. Lakini nilipokuwa nasema, sikuwa nayaamini maneno yangu.

Kaka Ahmadi hakutaka nikuandikie. Alisema umeishi Pangani zaidi ya miaka sitini ukiwaambia watu kwamba umerudi kwenu, na si haki kukunyang'anya hilo uzeeni. Mimi naona hakuna ninachokunyang'anya. Umezaa hapo, umemzika bwana wako hapo, majirani wanakuja kukuuliza mambo ya mtaa wao wenyewe. Pangani ni yako kwa maisha yako, hata kama Feruzi aliifahamu kwa kupitishwa tu akiwa mtoto.

Na kuhusu yale mawe, nakuomba usijilaumu hata dakika moja. Ulikuwa mtoto wa miaka minane, ukasikia neno, ukaenda kuokota. Hakuyatupa. Mtu aliyeficha lugha yake maisha yake yote aliisema mwishoni mbele yako, na wewe peke yako ndiwe uliyeinuka kumletea kitu. Watu wazima waliokuwa mlangoni hawakufanya hata hilo.

Sasa kuna swali ambalo unaliona linakuja. Wewe ulimpepea, ukamfunika shuka, ukakaa miguuni pake. Huenda uliuona mguu wa kushoto. Nimetaka kukuuliza tangu mstari wa kwanza. Lakini nimetoa neno langu mbele ya wazee, na mwanangu anaishi juu ya neno hilo. Kwa hiyo kama uliuona, Zaituni asiandike. Likae kwako. Mungu akitujalia mwakani nije Pangani tukae wawili, na siku hiyo uniambie au usiniambie, kama moyo wako utakavyopenda.

Salamu zako zimetumwa na wengi. Ahmadi anakusalimu sana, anasema umsamehe kwa kutufanya tucheke miaka yote hiyo. Shamimu na mumewe Hasani wanakupa shikamoo na wanaomba dua zako. Bi Eustakia wa Bisibo anasema anakukumbuka ulivyokuwa unaiba sukari guru. Wasalimie wanangu wote hapo, Zaituni na wadogo zake, na majirani wa barazani. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulainishie miguu, akubakishie macho uwaone wajukuu wa wajukuu zako.

Nimebakiwa na salamu moja. Bibi Nimpaye alikuja kwenye nikahi. Hakuna aliyemtarajia. Aliletwa kwa gari, akakaa na wanawake mpaka mwisho, akala wali wetu, hakusema jambo lolote la zamani mbele ya mtu. Jioni, vijana walipokuwa wanampandisha garini, na Mzee Erasmus amesimama upande wa pili akifunga mizigo, alinikamata mkono, akanivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni pake.

"Yule wa Pangani," akaninong'oneza, "nisalimie wifi yangu."

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,

Pili